Bendera, Kioo na Mama Mkwe wa Jilala

Wenzangu mnaoshika bendera kwenye vivuko vya reli,

Mtakaposoma mtaona maneno mengine yamekatwa katikati na mengine yamepanda juu ya mstari kama mbuzi juu ya kichuguu. Mniwie radhi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea mti wa bendera kuliko kalamu. Haya nimeyaandika kidogo kidogo, jioni baada ya kazi, na neno ambalo sijui linavyoandikwa nimeliandika kama ninavyolisikia.

Hapa Bariadi vijana wa bodaboda wananiita Mstaafu. Wanacheka kwa sababu hata ndevu hazijajaa. Lakini mtu ambaye kazi yake imefungwa na haitafunguliwa tena ataitwaje? Nimesikia kwamba wengi wenu mmeajiriwa juzi tu, na wengine mmenizidi umri. Hapo kwenye bendera, hata hivyo, mimi ni mkongwe wenu. Mshahara sitauandika, mnaujua. Cheo hakikuwepo.

Kwetu ni Lingeka, Meatu, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Nilipomaliza shule nilikwenda Malampaka kwa mjomba, na mjomba akanipeleka kwa Mzee Kulwa, nyapara wa genge la reli. Nilikuwa nafyeka nyasi kando ya tuta pamoja na wengine. Nilikuwa sizungumzi. Wenzangu walidhani ni kiburi, wengine walidhani nimerogwa. Ni aibu tu. Mtu akiniangalia usoni maneno yanaondoka. Mzee Kulwa aliliona hilo, na siku moja akaniambia, "Shija, ipo kazi ya mtu asiyependa maneno. Njoo."

Alinipeleka mahali ambapo njia ya ng'ombe na ya miguu inakata reli, katikati ya mbuga. Upande mmoja kuna kijiji, upande wa pili majaruba ya mpunga na malisho. Hakuna duka wala kivuli, isipokuwa ua wa minyaa uliobaki kwenye boma la zamani. Kulikuwa na kibanda cha mabati kinachomtosha mtu mmoja na kigoda. Akanikabidhi bendera nyekundu, bendera ya kijani, filimbi na mnyororo wenye vitambaa vyekundu wa kufunga njia. Halafu akaondoka kwa miguu kando ya reli. Nilimwangalia mpaka akawa mdogo kama kunguru.

Siku hiyo ya kwanza nilijifunza kwamba mbuga ina sauti nyingi, ila hakuna inayokuita jina.

Mambo aliyonifundisha Mzee Kulwa nawapeni kama alivyonipa. Usiweke sikio kwenye reli kama watoto wanavyofanya. Mwenye sikio chini haoni nyuma yake. Tazama yangeyange. Wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe hupenda kutua juu ya tuta, na treni ikiwa bado mbali wanainuka wote kwa pamoja. Mnyororo ufunge mapema hata kama watu watakutukana, maana anayekutukana yuko hai. Bendera usiipungie watu kama unafukuza inzi. Inyooshe mkono mzima, usimame wima, ili hata mlevi ajue hapa pana mtu. Na ng'ombe usiwapigie filimbi. Ng'ombe wa kwetu wanaitika mluzi wa mchungaji wao. Filimbi ya serikali hawaijui.

Baadaye watu wakaacha kusema "kivukoni" wakawa wanasema "Kwa Bendera". Wachache walijua jina langu.

Aliyelijua vizuri alikuwa Bibi Minza. Alikuwa na majaruba yake upande wa pili, akipita kila asubuhi na jembe begani na kurudi jua likianza kuuma. Masikio yake yalikuwa mazito sana. Treni ingeweza kupiga honi hadi kuku wa kijijini wakaruka, yeye anatembea tu. Kwa hiyo kwake filimbi haikuwa na kazi. Ilinibidi nisimame mbele yake na bendera nyekundu, naye alikuwa anasimama, anaweka jembe chini na kuanza salamu ya asubuhi na mazungumzo. Viziwi huongea kwa sauti ya mnadani.

"Ng'wangaluka, Shija!"

"Ng'wangaluka, mayu," namwitikia kama mama yangu.

"Umekula?"

Nilikuwa nikitikisa kichwa, ndiyo au hapana, kwa sababu jibu langu la sauti ndogo asingelisikia. Pengine ndiyo sababu nilimpenda. Kwa yeye peke yake, ukimya wangu haukuwa kasoro.

Sasa, Bibi Minza alikuwa na mkwe, Jilala, aliyemwoa binti yake mkubwa. Jilala alikuwa dereva wa bodaboda na alipita pale asubuhi hiyo hiyo akitoka upande wa pili. Wasukuma wenzangu mnajua, ila wale mliotoka mbali niwaeleze. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawapishani karibu. Wakionana njiani, mmoja anaacha njia, anaingia nyasini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Hawagusani, hawaangaliani machoni. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote.

Kwenye reli hilo halikuwa tatizo, kwa sababu juu pale panaonekana kote. Jilala akimwona bibi kwa mbali, anazima pikipiki na kuisukuma pembeni. Kisha salamu zinapita kwangu.

"Bendera! Mwambie mama nimemwamkia."

Mimi nageuka, nainama kidogo na kumwonyesha Bibi Minza upande aliko mkwewe.

"Mwambie mhola, salama tu! Mwambie binti yangu alete yule mtoto nimwone!"

"Nimesikia," Jilala anasema akiwa amegeukia minyaa. "Dunia nzima imesikia."

Nimewabebea watu wengi salamu za namna hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa kama nguzo ya simu, maneno yanapita hayakai.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya mkokoteni wa pamba. Wakati huo magari na mikokoteni ilikuwa bado inaruhusiwa kuvuka pale. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi wa mbuga ukashika, kisha jua likaukausha ukawa kama saruji. Gurudumu la mkokoteni likanasa kati ya reli na udongo huo. Yangeyange wakainuka. Nilichukua bendera nyekundu nikakimbia kuelekea treni, nikikanyaga mataruma, yale yanayobeba reli, nikianguka na kuinuka. Dereva aliniona, akafunga breki, chuma kikalia. Lakini treni ya mizigo haisimami kama baiskeli. Kwa bahati Mzee Kulwa alikuwa amekuja kunitembelea siku hiyo. Mwenye mkokoteni alikuwa anafungua nira, hataki kuwaacha maksai wake, na Mzee Kulwa alimvuta mpaka shati likachanika mgongoni. Mtu akapona. Maksai wote wawili walikufa. Pamba ilitapakaa juu ya reli, ikashika damu, na upepo ukaichukua.

Yule mtu alikaa kwenye tuta akiwataja maksai wake majina. Mimi nilikuwa natapika nyuma ya kibanda.

"Umekimbia vizuri," Mzee Kulwa aliniambia. "Siku nyingine utakimbia mapema zaidi."

 Mwaka ule ule alistaafu kwa kweli, siyo kama mimi, akarudi kwao Mwamanyili. Tangu hapo hakuna aliyenitembelea.

Baada ya ajali watu wakapiga kelele, viongozi wakaja, wakapima, wakaondoka. Niliamini tumesahauliwa. Lakini safari hii zilikuja fedha za serikali za kuboresha vivuko vya reli, na Kwa Bendera ikawemo. Magari na mikokoteni iliambiwa izunguke kwenye njia pana ya stesheni. Kwa watu, ng'ombe na pikipiki kikachimbwa kivuko cha chini. Tuta letu ni fupi kwa sababu mbuga ni tambarare, kwa hiyo njia ilibidi ishuke ardhini kwanza. Walipochimba wakakuta mwamba, wakaukwepa. Ndiyo maana njia inashuka, inapinda, kisha inapita chini ya reli kama mlango mrefu wa zege na kupanda upande wa pili. Upana wake unamtosha ng'ombe mmoja, au watu wawili wakigusana mabega.

Aliyesimamia kazi alikuwa mwanamke, tukimwita Injinia. Alikuwa amepanga chumba Binza, pale Maswa mjini, na asubuhi alifika kabla ya mafundi. Alikula mihogo nasi bila kuuliza imepikwa wapi. Walipomaliza, kilizinduliwa, ngoma ikapigwa. Tangazo likasomwa: pamba ikishavunwa na kuuzwa, kivuko cha juu kitafungwa na mshika bendera ataondolewa.

Nilipiga makofi na wengine.

Wiki ya kwanza wachungaji na watoto waliteremka chini kwa furaha, wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. Watu wazima hawakushuka. Walifika kwenye njia panda, pale ambapo moja inashuka na nyingine inapanda relini, wakatazama shimo, wakapanda. Wakajengewa uzio wa waya. Ukakatwa. Wakauliza nani amekata, kila mtu akawa safarini.

Injinia akaitisha mkutano chini ya mti wa shule. Mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Ndugu zangu, serikali imetoa fedha. Mnataka nini tena? Semeni mbele ya mtaalamu."

Mzee mmoja akasema kuna nyoka. Mama mmoja akasema giza. Mwingine akasema popo, ingawa popo hakuna aliyemwona. Jilala akasimama, akavua kofia.

"Mimi nahofia maji ya mvua kujaa."

"Mvua ipi?" Injinia akauliza. Kiangazi kilikuwa kimekausha hata mate.

"Itakayokuja."

Watu wakacheka, naye akacheka, akakaa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nilijua sababu, na kila mtu pale aliijua. Lakini nani angeisema? Bibi Minza alikuwa amekaa upande wa wanawake, Jilala upande wa wanaume, na kila mtu mzima mkutanoni alikuwa na mkwe wake aliyekaa hatua chache kutoka kwake. Kulitaja jambo lile hadharani kungekuwa sawa na kuwavua nguo wazazi.

Kwa hiyo serikali ikaleta taa za sola kwa ajili ya giza. Ikasafisha nyasi kwa ajili ya nyoka. Ikachimba mfereji kwa ajili ya mvua ya Jilala. Shimo likang'aa kama zahanati mpya, na watu wakaendelea kupanda relini.

Siku moja Injinia alikuja peke yake, akakalia kigoda changu, mimi nikachuchumaa. Alikuwa amechoka.

"Shija, kuna vivuko vingine vinasubiri fedha hizi. Nikiandika kwamba hapa watu hawapiti, unafikiri vitajengwa? Na wewe unaondoka. Nani atamsimamisha yule bibi asiyesikia?"

Hilo lilinichoma, kwa kuwa nilikuwa nalifikiria kila nilipolala. Nikatafuta namna ya kusema bila kusema.

"Injinia, una mkwe?"

"Ninaye mama mkwe. Mungu amtunze huko huko aliko."

"Heshima ya kwetu ni kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Fikiria wewe ndiye huyo mama. Umeshuka, umepinda kona, umekutana na mkwe wako mle ndani. Nyasi za kuingia hakuna. Kugeuka nyuma huwezi, kuna ng'ombe wanakuja. Utafanyaje?"

Aliitazama ile kona. Kisha akaweka mikono usoni, mabega yakaanza kutikisika. Niliogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Taa," akasema. "Nimewawekea taa! Nimewamulikia wakwe!"

"Ndiyo, Injinia."

"Nyoka, popo, mvua! Mbona hamkusema?"

"Wakwe walikuwepo."

Akafuta machozi, akakaa akitazama njia inavyoshuka. "Kwa hiyo giza hamkuliogopa. Mnachotaka ni kujua nani yuko mle kabla hamjashuka." Akachora kona kwa kijiti vumbini, akaitazama, akaondoka bila kuaga.

Alirudi na kioo. Sio cha kujitazamia, bali kile cha duara kilichovimba katikati, kama vinavyowekwa kwenye kona kali za milimani ili dereva aone gari linalokuja. Akafunga viwili kwenye nguzo ndefu, kimoja kila upande. Ukisimama njia panda ukakitazama, unaona njia yote ya chini mpaka mwisho.

Mwanzoni kioo kilileta kesi yake. Wasichana walisimama kurekebisha vilemba. Beberu la mtu lilijiona likarudi nyuma kuchukua kasi, likaigonga nguzo, na hiyo ikaliponya ugomvi. Na wazee wakaanza kubishana kwenye kilabu cha pombe: kumwona mkwe kwenye kioo, ni kumwona au si kumwona? Mmoja alisema kioo kinaonyesha kivuli tu. Mwingine akasema, "Kivuli chenye pua? Kivuli chenye macho?" Ubishi ulichukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Nilimpeleka Bibi Minza kwenye kioo mimi mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole mtu aliyesimama mwisho wa njia. Alikodoa macho.

"Huyu mwenye kichwa kama boga ni nani?"

Nilimfanyia ishara ya pikipiki. Akaelewa, akafunika uso kwa khanga.

"Aa! Ndiye? Amekuwaje mfupi hivi? Hapana, Shija. Uso ni uso hata ukiwa mbaya." Akapanda relini.

Jilala aliambiwa maneno hayo na mkewe. Kwa miaka yote askari wa barabarani walikuwa wamemkamata kwa kutovaa helmeti, naye alikuwa akisema inambana mawazo. Asubuhi iliyofuata alikuja na helmeti kubwa, imepakwa rangi ya njano, yenye kioo cheusi mbele kinachofunika uso wote. Akasimama karibu nami, akaigonga kwa kidole.

"Bendera, unaona uso wangu?"

"Sioni."

"Basi mwambie mama, akiona njano asubiri. Na mimi nikimwona yeye kwenye kioo cha upande wangu, narudi nyuma. Helmeti si uso."

Nilimweleza Bibi Minza kwa ishara na kwa kumpigia kelele sikioni, jambo lililonipa aibu kuliko mkutano wowote. Akafikiri. "Kofia si uso," akakubali. "Huyo mtoto ana akili, ingawa amechelewa."

Wengine wakaiga. Huyu akafunga kitambaa kwenye baiskeli, yule akavaa kofia fulani tu akipita pale. Baada ya muda mfupi kijiji kizima kikawa kinashuka chini. Watu waliangalia kioo, wakasubiri, wakashuka. Injinia alikuja akaona, akanipa mkono.

Na mimi nikabaki juu.

Hapo ndipo wenzangu nawaomba msome taratibu, kwa kuwa sijui kama yatawapata ninyi pia. Mnyororo haukuwa na wa kumfungia. Treni ilikuja, nikanyoosha bendera ya kijani, dereva akainua mkono, ikapita, basi. Nilikuwa nasikia watu chini ya miguu yangu. Ng'wadila, ng'wadila, mhola, mhola duhu. Salamu zilitoka ardhini kama mvuke. Zamani zingepita kwangu. Siku nyingine nilifika jioni sijafungua mdomo hata mara moja, na nilipotaka kuzungumza nyumbani sauti ilitoka imepasuka.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anapanda. Bibi Minza.

Kioo alikitazama. Helmeti aliijua. Njia ilikuwa tupu. Lakini alifika njia panda, akaniona nimesimama, akapanda tuta polepole mpaka kwangu.

"Mayu, pita chini," nilimwonyesha.

"Nikipita chini nani atakusalimia wewe? Wote wanapita huko kama panya. Umekula?"

Alikuwa anatoa michembe kwenye upindo wa khanga, ile mikavu ya viazi ambayo mtu anaitafuna njia nzima, ananiwekea mkononi. Nilikuwa nikiingoja asubuhi hiyo kuanzia nilipoamka. Mara mbili treni ilipokuja akiwa pale nilimsimamisha, akasimama, tukaisubiri ipite. Yeye alikuwa akiitazama kwa furaha kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Nilimweleza Injinia alipokuja kukagua mara ya mwisho. Alimtazama bibi akishuka upande wa pili.

"Basi shida iliyobaki si kioo," akasema kwa upole. "Ni wewe, Shija. Ukiondoka atapanda kukutafuta, na hatakuwepo wa kumsimamisha."

Nilijaribu kumwambia. Nilimwonyesha jua likizama na kuchomoza, nikapunga mkono wa kwaheri, nikaonyesha kibanda kitupu, nikaonyesha treni, nikaonyesha kifua chake. Alinipiga bega akacheka. "Siku utakayoondoka nitaacha. Leo upo."

Lakini mimi nilijua mazoea ya miguu. Ng'ombe unayemhamisha zizi anarudi lile la zamani hata likiwa limebomolewa. Ilibidi aache wakati mimi bado nipo, ili nikiona hatari niweze kutoka na bendera. Pamba ilikuwa imeshavunwa. Zilibaki siku chache.

Nikaanza kujificha.

Nilikaa nyuma ya ule ua wa minyaa, bendera nyekundu ikiwa magotini, mahali ambapo mimi naona na sionekani. Bibi Minza alifika njia panda, akatazama juu, hakuniona. Akapanda. Akachungulia kibanda. "Shija! We Shija!" Sauti ile ya mnadani ilivuka mbuga yote. Akazunguka kibanda, akatazama upande huu na ule wa reli, akakaa juu ya kigoda changu akisubiri. Treni haikuwepo, niliwatazama yangeyange muda wote. Alipoinuka aliacha michembe juu ya kigoda, akashuka kwenda majarubani.

Sikuila. Kesho yake angeikuta imeliwa angejua nipo.

Kesho yake akapanda tena. Akaikuta kama alivyoiacha. Aliishika, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Hakuita. Akaisukumia pembeni, akaweka mingine mipya juu ya kigoda hicho hicho. Mimi niliuma kitambaa cha bendera. Mngekuwepo mngenicheka, kijana mzima nyuma ya minyaa, umbali ambao hata jiwe lililorushwa na mtoto lingemfikia.

Siku iliyofuata alifika njia panda akasimama. Wakati huo yangeyange waliinuka. Treni ilikuwa inakuja na yeye hakuwa na habari. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye njia ya juu. Nilishika bendera, nikapiga goti, nikasema moyoni, akipanda hatua ya pili natoka, na kila kitu kitaanza upya. Alitazama kibanda. Alitazama kwa muda mrefu sana, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua. Kisha akashusha mkono, akageuka kwenye kioo. Helmeti ya njano ilikuwa inapanda. Akaingia pembeni, akageuza uso wake kwenye ukuta wa zege. Jilala akapita polepole, ameinamisha kichwa. Ndipo bibi akarekebisha jembe begani, akashuka, akapotea kwenye kona.

Treni ikapita juu yake. Niliihesabu mpaka behewa la mwisho, mdomo wazi.

Alitokea upande wa pili akiwa na mwendo wake ule ule. Hakugeuka kutazama juu. Nilikuwa nimeyataka hayo, na nilikaa pale nyuma ya minyaa mpaka jua likanichoma kisogo.

Siku zilizobaki alipita chini zote. Nilirudisha bendera, filimbi na mnyororo stoo, nikakabidhi ufunguo, nikapanda gari la Bariadi. Kwaheri sikumwambia. Mpaka leo anadhani niliondoka kama mwizi kabla ya siku yangu, na ni lazima aendelee kudhani hivyo, asije akaanza tena kupanda kunitafuta. Hapa nabeba marobota ya pamba. Bariadi haina reli. Nimepanga chumba karibu na stendi, na ile saa ya treni ya asubuhi naamka, nakaa kitandani, nasubiri, halafu nakumbuka.

Basi, wenzangu, mmoja wenu akipita pale Kwa Bendera asubuhi, ninamwomba kitu kimoja. Asipande juu kutazama kibanda. Ashuke chini, akutane na bibi mmoja mwenye jembe, amsalimie kwa sauti kubwa huko huko chini, amuulize kama amekula. Jina langu asilitaje. Kisha aniandikie, hata maneno matatu, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu: je, bado anapita chini? Barua mpeni dereva yeyote wa basi la Bariadi aiache stendi, aseme ni ya Mstaafu. Wataniletea. Nitakuwa nasubiri.